Kitufe Kilichojibonyeza

Watu wakiniuliza Ansbert ni mtu wa namna gani, nawajibu kwamba ni mtu mwema. Kisha nakaa kimya, maana balaa lenyewe lilianzia kwenye huo wema. Angekuwa mlevi au mwizi ningejua pa kumshikia. Mtu mwema akikuharibia, unabaki na hasira yako na hujui uipeleke wapi.

Jina langu Sekela. Kwetu ni Tukuyu, ila Boko nimeshakaa miaka kumi na sita na sina mpango wa kuondoka. Nafanya kazi kwa Mama Anjelina, mkunga mstaafu, mzaliwa wa Kagera, ambaye pensheni yake aliigeuza kuwa kituo cha kutotolesha vifaranga. Watu wanaleta mayai yao kutoka Bunju, Tegeta, wengine hadi Kiwalani. Mimi nayapokea, nayakagua, naandika kwa penseli herufi za jina la mwenyewe juu ya kila yai, nayapanga kwenye trei. Baada ya siku ishirini na moja mwenyewe anakuja na boksi lililotobolewa matundu, anabeba vifaranga wake.

Mayai yakiwa ndani ya mashine ni lazima yageuzwe. Hili wengi hawalijui. Kuku anayeatamia huyageuza siku nzima kwa mdomo, na asipofanya hivyo kiini kinachokua ndani hushikamana na ganda, kikashindwa kutoka. Kwetu yaligeuzwa kila saa, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, mara kumi na tatu. Mama Anjelina alitaka namba isiyogawanyika kwa mbili ili mayai yasilale upande uleule kila usiku. Kazi ya kuyageuza ilikuwa ya Munira.

Munira ni mwenyeji wa Boko hasa. Bibi zake wamezikwa hapahapa. Mumewe alikwenda Mtwara kutafuta kazi na simu zake zikawa zinapungua kila mwezi. Nyumbani kuna mama yake, Bi Mwajabu, ambaye miguu imeshaanza kumkataa, na mtoto wa miezi mitano, Abdulrahman. Wote watatu walikuwa wanakula kwa mikono ya Munira. Kazi ile kwake haikuwa ya kujishikiza, na yeye alijua hivyo, ndiyo maana alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka.

Ansbert aliletwa baada ya umeme kukatika na kurudi kwa kishindo, ukaunguza lile sanduku lililokuwa linaendesha mashine. Mama Anjelina alimpata kwenye kikao cha watu wa nyumbani kwao. Kijana wa Muleba, chuo alikiacha mwaka wa pili baba yake alipofariki, amepanga chumba Mabibo karibu na hosteli na anatengeneza kompyuta za wanafunzi. Anafunga kifungo cha shati mpaka shingoni hata jua likiwa la kuua. Ana upole wa kukufanya umwonee huruma bila sababu. Kasoro yake moja niliiona mapema: sikuwahi kumsikia akisema "sijui". Ukimuuliza kitu, jibu linatoka palepale, limenyooka, na wewe unaridhika.

Alikuja na kompyuta kuukuu iliyopasuka kona, na kibao cha nyaya. Programu aliyoitumia ni ya aina ambayo huandiki maneno, unachora. Unaweka vijisanduku vya rangi, unaviunganisha kwa nyaya za kuchora, na mchoro wenyewe ndio unaofanya kazi. Kwa upande wa mbele tukaona joto, unyevu, na kitufe kimoja kikubwa kilichoandikwa GEUZA. Munira akikibonyeza, kinakuwa kijani kwa dakika moja, mota inanguruma, trei zinainama upande wa pili, na programu inaandika saa kwenye kumbukumbu zake. Munira naye anaweka tiki kwenye daftari. Ansbert alinieleza kwa fahari kwamba kazi zote amezifunga nyuma ya kitufe hicho. Programu inasubiri tu. Ikipata taarifa kwamba kimebonyezwa, ndipo inaamka na kufanya kazi.

Tukaishi hivyo miezi miwili bila tatizo.

Kilichoharibu ni maziwa. Munira aliomba ruhusa ya kwenda kumnyonyesha mtoto mara mbili kwa siku, nyumbani ni dakika ishirini na tano kwa mguu. Mama Anjelina, ambaye maisha yake yote alikuwa anawahubiria wanawake wanyonyeshe, alimjibu bila kuinua macho, "Mashine haina likizo, mwanangu." Saa moja kati ya kugeuza na kugeuza ilikuwa haitoshi kwenda, kunyonyesha na kurudi. Basi ikifika saa nne asubuhi blauzi ya Munira inalowa kifuani, anajifunika kanga, anaendelea kukaa kwenye kiti chake mbele ya kioo cha kompyuta. Ansbert akiwa pale hugeuza uso kwa haya.

Siku moja akanifuata mezani kwangu. "Dada Sekela, kitufe si lazima kibonyezwe na mtu. Programu yenyewe inaweza kukibonyeza kila saa ikifika."

Nikamwambia kama ni hivyo basi aking'oe kitufe aweke saa tu. Akasema hapo itabidi avunje mchoro mzima aanze upya, na mashine haikai bila mayai. Rahisi ni kuacha kila kitu kilivyo, kisha aongeze kijisanduku kimoja kitakachokigusa kitufe kama kidole kinavyokigusa. Programu haitajua tofauti. Munira atakwenda kwa mtoto wake na kurudi, na Mama hatakuwa na la kusema kwa kuwa hataambiwa.

Nilikubali. Naliandika hapa ili mtu asidhani nawasema wenzangu tu. Tulikuwa watatu katika siri ile, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wao.

Jumamosi moja tukapakia mayai elfu moja na mia nane. Zaidi ya nusu yalikuwa ya kikundi cha akina mama wa Kiwalani, mwenyekiti wao Loveness, mwanamke mnene mcheshi aliyenibusu shavuni wakati wa kuyakabidhi. Jumatatu yake jioni Ansbert akaja kuweka kile kijisanduku. Wakati huohuo akaipaka mota grisi mpya. Umeme ulikuwa umekatika, na jenereta iliyoegemezwa ukuta wa chumba cha mashine ilikuwa inapiga kelele kiasi kwamba tulizungumza kwa ishara. Saa kumi na mbili kamili tukasimama watatu mbele ya kompyuta. Kitufe kikabonyea chenyewe, hakuna mkono, kikawa kijani. Munira akapiga makofi. Nami nikacheka kama mjinga. Mlango wa mashine ulikuwa na bango la Mama Anjelina, MARUFUKU KUFUNGUA, na kijidirisha chake kilikuwa kimejaa mvuke. Hakuna aliyechungulia.

Kesho yake umeme ulikuwepo na jenereta imezimwa. Saa mbili asubuhi kitufe kikawa kijani, na Munira akainua kichwa.

"Kaka Ansbert, mbona dude halingurumi?"

Ansbert alikuwa ameinama anakusanya zana zake. "Nimelipaka grisi jana. Ndiyo maana limetulia."

Alisema kwa moyo safi. Ndivyo alivyoamini. Mimi nilikuwa pale na penseli yangu sikioni, nikaamini, na Munira akaamini. Saa nne akatoka mbio kwenda kwao, akarudi amekauka kifua na uso unang'aa. Saa nane vilevile. Kila akirudi anaweka tiki ya saa iliyopita, anaendelea. Wiki ile alikuwa anaimba.

Jumamosi, wiki moja tangu mayai yaingie, Ansbert alifika saa mbili na nusu kukagua kumbukumbu za joto. Haya alinisimulia baadaye. Siku hiyo mimi niliona tu mtu aliyetoka chumba cha mashine rangi imempotea. Alifungua kumbukumbu za kugeuza mayai, akakuta mstari wa mwisho ni wa Jumatatu saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo hakuna kitu. Akadhani faili limeharibika. Akalifungua upya. Hakuna kitu.

Kosa lenyewe nililielewa aliponichorea. Ndani ya programu ile kuna njia mbili za kukigusa kitufe bila kidole, zimekaa kwenye orodha moja, majina yake yanakaribiana. Ya kwanza inabadilisha hali ya kitufe tu: kinaonekana kimebonyea, kinawaka, basi. Ya pili inabadilisha hali na pia inatoa taarifa kwamba kimebonyezwa. Ile kazi yote iliyofungwa nyuma ya kitufe husubiri taarifa. Ansbert alichagua ya kwanza. Ni kama kugeuza kibao cha duka kisomeke TUMEFUNGUA huku mwenye duka bado yuko kitandani. Siku tano kitufe kiliwaka na kuzimika, na trei hazikusogea hata unywele. Mara hamsini na sita.

Akasahihisha. Ilimchukua muda mfupi kuliko wa kunywa chai. Saa tatu kamili kitufe kikawaka, na mota ikanguruma, ukuta ukatetemeka kama zamani.

"Ehe! Leo limerudi kunguruma!" Munira akasema huku anacheka.

Ansbert akamtazama. Hapo ndipo alipokuwa na nafasi yake, na namlaumu kwa hapo kuliko kwa kosa lolote la mchoro.

"Grisi imekauka," akasema.

Nilimkuta bombani ananawa mikono, ananawa, ananawa tena. Nikamuuliza ana nini. "Mafua, dada."

Zilibaki siku kumi na nne. Ansbert, ambaye zamani alikuja mara tatu kwa wiki, akawa anakuja kila siku kutoka Mabibo. Nikadhani amempenda Munira, nikaanza kumtania, nikaona hacheki. Bi Mwajabu alimtumia vitumbua kwa kumshukuru kwa hisani yake kwa mwanawe. Akakataa, akasema amefunga. Nilishangaa kidogo maana Kwaresima ilikuwa imeshapita, lakini nikavila mimi.

Siku ya kumi tulipiga mayai taa. Unazima mwanga chumbani, unashika yai mbele ya kitochi, na lililo hai linaonyesha mishipa myekundu imetandaa ndani. Munira alikuwa anashika, mimi nahesabu, Ansbert amesimama nyuma yetu gizani. Kila yai lililoonyesha mishipa nilimsikia akishusha pumzi. Mengi yalikuwa hai. Aliniambia baadaye kwamba usiku ule ndio pekee aliolala. Aliona Mungu amelifunika jambo lake. Hakujua, au hakutaka kujua, kwamba kiini kinaweza kukua vizuri mpaka siku ya mwisho na kushindwa palepale mlangoni.

Siku ya ishirini kwa kawaida chumba kinajaa sauti. Vifaranga wanalia wakiwa bado ndani ya maganda, na ukiweka sikio unasikia wanavyogonga. Safari hii tulisikia hapa mmoja, pale mmoja. Munira alizunguka trei mara mbili, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Da Sekela, wamechelewa?" Nikamwambia pengine joto lilishuka kidogo. Ansbert alikuwa mlangoni. Hakuingia.

Jumamosi asubuhi tulikuwa na vifaranga mia tatu na kumi na mmoja kati ya elfu moja na mia nane. Kati yao kadhaa miguu imepinda. Nilipasua yai moja lenye herufi za Loveness, nikakuta kifaranga kamili, ana manyoya, ana kucha, amegandia ubavuni mwa ganda kama karatasi iliyobandikwa kwa uji. Nikapasua la pili. Nikaacha.

Loveness na wenzake wanne walikuwa wameshafika na maboksi yao. Alichungulia lile boksi nililompa, akachungulia nyuma yangu.

"Dada Sekela, wengine wako wapi?"

Nilimwita Mama Anjelina.

Sitasahau kikao kile. Mama Anjelina alikaa nyuma ya meza, mgongo umenyooka, kama alivyokuwa akikaa wodini nadhani. Aliwaahidi akina mama wa Kiwalani kwamba atawajazia mayai mengine kutoka kwenye banda lake, akawasindikiza mpaka getini, akarudi. Alipasua mayai kumi mwenyewe kwa mikono yake. Mkunga anajua kusoma dalili. "Haya hayakugeuzwa," akasema. "Munira, lete daftari. Ansbert mwanangu, nichapie kumbukumbu za mashine."

Ansbert akazichapa. Alijua zitaonyesha nini. Angeweza kusema pale pale, au kusingizia printa imeharibika, au kukimbia. Alizichapa, akaziweka mezani, akarudi nyuma hatua moja.

Mama Anjelina aliweka rula kwenye karatasi. Karatasi ya mashine ilikuwa na pengo kuanzia Jumatatu jioni hadi Jumamosi asubuhi. Daftari la Munira lilikuwa na tiki katika kila saa ya siku hizo, kwa wino wa bluu, zimepangika vizuri.

"Mashine haina sababu ya kunidanganya," akasema. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naona taa, Mama."

"Taa ipi?"

Munira akafungua mdomo, akaufunga. Ukisema taa ipi, lazima useme kitufe kilikuwa kinajibonyeza. Ukisema hilo, lazima useme kwamba saa zingine ulikuwa kwenu na mtoto kifuani na tiki umeiweka baadaye. Na lazima umtaje aliyekusaidia. Akamwangalia Ansbert. Sikuwahi kuona mtu akisubiri hivyo. Halafu akaniangalia mimi.

Ansbert alikuwa anaangalia karatasi. Mimi nilisema moyoni, mwache aseme yeye, ni kosa lake, atasema sasa hivi. Ikapita dakika. Nikasema tena moyoni, sasa hivi atasema. Nina umri wa miaka arobaini na minne na mdomo wangu unajulikana mtaa mzima, na siku ile ulikufa ganzi.

Munira akatoa funguo kwenye kona ya kanga yake, akaziweka juu ya daftari. "Nisamehe Mama," akasema, akatoka. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningelala vizuri zaidi.

Jumapili nilikwenda kanisani nikashindwa kuimba. Sitadanganya kwamba niliamua kusema, niliamua kufikiria. Jumatatu asubuhi nilipofika kazini nikamkuta Ansbert amekaa kwenye ngazi ya ofisi, shati lake la juzi, halijapigwa pasi. Hajanyoa.

"Dada, nakuomba uwepo," akasema. "Nikiwa peke yangu nitakwepa."

Tukaingia. Alimwamkia Mama Anjelina shikamoo kwa Kiswahili, sio kwa lugha yao, na Mama akaliona hilo. Akasema yote, amesimama. Kitufe, kijisanduku, njia mbili, grisi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa taratibu.

"Mwanangu, najua unamwonea huruma. Ni msichana mzuri, ana mtoto. Lakini usijichafulie jina kwa ajili ya mtu. Mimi nakujua, najua umetoka wapi. Mashine umeitengeneza wewe na inafanya kazi. Nimeisikia leo asubuhi nilipoijaribu."

"Inafanya kazi kwa sababu nimeisahihisha."

"Basi."

"Mama, nimefuta kosa langu halafu nikaacha la kwake lionekane!"

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akipandisha sauti. Mama Anjelina alikunja uso, akanigeukia. "Sekela, wewe unasemaje?"

Hapo mdomo wangu ukafunguka, umechelewa siku mbili. "Ni kweli, Mama. Na mimi nilijua kitufe kinajibonyeza. Kosa lake sikulijua, ila siri niliijua."

"Mlinificha kwa nini? Kwa nini Munira hakuja kuniomba ruhusa?"

"Alikuja. Ulimwambia mashine haina likizo."

 Nadhani Mama alikuwa anatafuta siku hiyo kichwani mwake, na akaipata, maana macho yalishuka.

Ansbert akasema twendeni chumbani akaonyeshe. Mashine ilikuwa tupu, trei zimeoshwa, mlango uko wazi. Akakaa mbele ya kompyuta, akafungua ule mchoro wake, akaenda kwenye kijisanduku kimoja kidogo kuliko kucha, akabadilisha chaguo moja kwenye orodha. Alikosea mara mbili. Kisha akaondoa mikono yake kwenye kompyuta, akaiweka mapajani.

Kitufe kikabonyea. Kikawa kijani. Tukasikiliza. Jogoo wa jirani aliwika, gari likapita huko barabarani. Trei zilikaa kama zilivyo. Dakika moja ikaisha, kijani kikazimika, mtu yeyote asiyejua angeweka tiki na kwenda zake.

"Sasa bonyeza wewe, Mama," Ansbert akasema.

Mama Anjelina akabonyeza kwa kidole chake. Mota ikanguruma, trei zote zikainama kwa pamoja mbele ya macho yetu. Alizitazama mpaka ziliposimama. Alivuta kile kiti cha Munira akakaa, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba ni mzee.

"Nimemfukuza mama anayenyonyesha," akasema. "Mimi."

Hakumtukana Ansbert. Nilitamani amtukane. Alimwambia tu, "Wewe ndiye utakayemwambia. Mimi nitaomba radhi yangu, yako sitakuombea."

Tulikwenda watatu kwa miguu. Bi Mwajabu alitukaribisha, akatutolea viti nje, akaita ndani. Munira akatoka na mtoto mkononi, macho yamevimba. Alituamkia kwa adabu, akabaki amesimama. Mama Anjelina aliomba msamaha kwa maneno machache na kwa uso uliochanganyikiwa, hakuzoea. Akamwambia arudi, na kwamba kuanzia sasa atatoka kwenda kunyonyesha waziwazi, mchana kweupe, na atakayebonyeza wakati huo ni yeye Mama mwenyewe.

Kisha Ansbert akasema yake. Alieleza kosa la mchoro kwa urefu, kama mtu anayejificha nyuma ya vijisanduku vyake. Munira alimwacha amalize.

"Ulijua lini?"

"Jumamosi, mayai yalipofikisha wiki. Asubuhi."

"Niliposema limerudi kunguruma?"

"Ndiyo."

"Ukasema grisi imekauka."

"Ndiyo."

"Na juzi pale mezani, nilipokutazama?"

Ansbert aliinamisha kichwa. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta, mtu mzima yule na kifungo chake cha shingoni. Bi Mwajabu alianza kusema, "Mwanangu, binadamu tunakosea," lakini Munira akamwekea mama yake mkono begani, kwa upole, akamnyamazisha.

"Kukosea nimemsamehe, mama. Hata mie niliweka tiki za saa ambazo sikuwepo." Akampakata mtoto upande wa pili. "Nitakuja kesho saa kumi na mbili, Mama Anjelina."

Kwa Ansbert hakusema kitu.

Sasa ni miezi minne. Akina mama wa Kiwalani walipata vifaranga wao mzunguko uliofuata, Loveness akanibusu tena. Ansbert ameweka kifaa kidogo kwenye trei ambacho taa yake haiwaki mpaka trei zifike zinakopaswa kufika. Alimwonyesha Munira jinsi kinavyofanya kazi, na Munira akashukuru. Taa ikiwaka, Munira anainuka, anaweka kiganja mlangoni mwa mashine mpaka ahisi mtetemo, ndipo anarudi kuweka tiki. Mara kumi na tatu kwa siku, bila kuruka.

Hawajagombana. Wanasalimiana, wanapeana chumvi mezani, hata kucheka wanacheka kidogo nikisema upuuzi wangu. Nilianza kujidanganya kwamba limeisha.

Juzi mchana Ansbert alikuwa uani, akaita kutoka huko, "Munira, mvua inaanza, na kanga yako uliyoanika iko kambani."

"Ahsante, kaka," Munira akajibu. Akaacha kalamu, akaenda mpaka mlangoni, akanyoosha mkono nje, akauangalia kama umelowa.